Dizeli ya Kwenda Bumula

Jumapili, 13 Februari 2005

Gathii ametoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Kiplagat kuangalia magari. Hata chai hakunywa. Kiplagat ana pikapu mbili nyuma ya nyumba yake, nyeupe zote, umri mmoja, umbo moja – mapacha kabisa. Moja ni ya petroli, nyingine ya dizeli. Ya dizeli imezidi kwa laki moja na elfu ishirini.

Jioni yote nimesikiliza hesabu. Mume wangu anauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kibomet, pembeni mwa Kitale, na akishika hesabu hata ugali unapoa mbele yake. Dizeli ni rahisi kwenye stesheni, tena injini yake haina ulafi, lita moja inakwenda mbali. Kwa hiyo kila safari inakurudishia kitu kidogo. Swali ni moja tu, anasema – safari ngapi?

Hapo nikainuka kuosha vyombo.

Gari lenyewe si la maringo. Ni la mama yangu. Ana uvimbe kwenye umio, na kila mara akitakiwa kuwekewa dripu kwa daktari wa hapa Kitale, anatoka Bumula na magari ya abiria, anashuka hapa, anapanda pale. Akifika amekuwa kama nguo iliyokamuliwa. Mwezi uliopita alishuka stejini akakaa chini kwenye changarawe, watu wakimpita. Mama yangu Sellah, aliyekuwa akipeleka magunia ya mahindi hadi soko la Misikhu na hakuna dalali aliyewahi kumchezea! Nililia ofisini siku hiyo, nikadanganya wenzangu kwamba ni mafua.

Jumatano, 16 Februari

Jibu limepatikana. Tukienda Bumula kila wiki, dizeli italipa ile laki na ishirini baada ya safari mia moja themanini na kitu. Miaka mitatu na nusu. Ukiacha kabla ya hapo umekula hasara, afadhali ungenunua petroli. Ukivuka hapo, ni faida tupu mpaka gari lioze.

"Sasa niambie, Mama Ivy," akasema. "Hiyo miaka yote tutakuwa tukienda Bumula kila wiki?"

Nikasema ndiyo.

Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusemea. Daktari aliniita peke yangu mwezi wa kwanza. Alisema mwaka mmoja, na aliposema aliangalia dirishani, kwa hiyo najua hata huo mwaka alikuwa ananiongezea tu, kama muuza nyanya anavyoongeza moja juu ya fungu. Sijamwambia Gathii. Sijamwambia kaka yangu Barasa. Mama mwenyewe hajauliza.

Nikimwambia Gathii, atanunua ya petroli, na hatakuwa amekosea. Lakini mimi kila asubuhi nitaliona hapo uani na nitajua maana yake. Kununua petroli ni kusema mama hafiki. Siwezi kuishi na gari la namna hiyo.

Dizeli basi. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 26 Februari

Limekuja. Majirani wamelizunguka kama bibi arusi. Kumbe la dizeli haliwashwi hivi hivi – unazungusha ufunguo nusu, unangoja taa ndogo nyekundu izimike, ndipo unawasha. Gathii anaingojea kwa heshima, kichwa ameinamisha, utadhani anaombea chakula. Halafu linashtuka lote, mpaka vikombe kabatini vikagongana.

Mukami, wifi yangu, alikuwa amekuja kuona. Akauliza kama ndugu yake amenunua gari ama posho mill ya kusagia mahindi.

"Hiyo sauti ni ya pesa ikirudi," Gathii akamjibu.

Tabia yake nyingine nimeiona leo leo. Anazima injini kila akisimama. Akisimama kusalimia mtu, anazima. Akingoja ng'ombe wavuke, anazima. Mafuta ya kunguruma bure hayana faida kwa mtu, anasema.

Amekata sponji, amemwomba fundi wa viti ashone mto, ameuweka upande wa dirisha. Mama akae hapo, mimi katikati. Kesho tunamchukua. Nimeshindwa kukaa chini tangu saa kumi, nazunguka tu nyumbani nikipanga vitu vilivyopangwa.

Jumapili, 27 Februari

Tumerudi bila yeye.

Tulifika vizuri, jua limepanda. Barasa akafungua lango. Mama alikuwa tayari, rinda la kanisani, mkoba mkononi. Akatoka mlangoni akitabasamu. Kisha akaona ni nani ameshika usukani. Alijifunika leso usoni, akageuka, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Gathii akangoja. "Amesahau kitu?" akaniuliza. Baadaye akazima injini.

Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani. Gathii anajua nusu yake. Miaka kumi na miwili amekuwa akifika pale anapelekwa nyumba ya Barasa, anakula huko, anaaga kupitia kwangu. Yeye hudhani ni kukaribishwa kama mgeni. Kwao pia kuna heshima ya mkwe, lakini mama mkwe akiugua unambeba, basi.

Na mimi niliyezaliwa huko? Mimi nilidhani ugonjwa unafuta. Tulihesabu kilomita, tukahesabu lita, tukahesabu mpaka bei ya tairi. Hakuna aliyehesabu nani atakaa karibu na nani. Pikapu ina kiti kimoja kirefu! Watu watatu bega kwa bega, goti kwa goti, toka Bumula mpaka Kitale.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkoba bado mkononi.

"Unataka nikae na mkwe tukisuguana miguu?" akasema. "Watu wa Misikhu wanijua wote. Waseme Sellah amekuwa nini?"

"Mayi, wewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa ndiyo. Wazimu bado."

Barasa akajaribu kumshawishi akiwa nje ya mlango. Ati siku hizi mkwe ananunua tu brangeti, anapatia mama, mambo inaisha. Mama akamwambia hiyo ni ya watu wa Nairobi, akaagize brangeti yake huko.

Alisema atakuja kesho na magari ya abiria kama kawaida. Akamtuma Barasa na kuku, apewe mkwe, kwa kumsumbua. Tukarudi na kuku na mto mtupu.

Tulipita Misikhu. Halafu Gathii akauliza polepole, kwani yeye ana ugonjwa gani. Nilimweleza desturi yote. Akanisikiliza. Akasema ningemwambia mapema, kabla hajamkatia mto.

Jumatatu, 14 Machi

Dawa ni moja. Dereva awe mimi.

Nimejiandikisha shule ya udereva mjini. Mwalimu anaitwa Festus, mtu wa utani, meno yote nje. Kuna ubao wenye mji mdogo uliochorwa, unasukuma kigari cha plastiki na kusema unaelekea wapi. Mimi, mama wa mtoto aliye bweni, nasukuma kigari! Vijana wa darasa langu wananiita Mathee.

"Madam, unaendesha kama umebeba mayai," Festus ananiambia.

Nikamwambia nitakachobeba ni chepesi zaidi ya mayai. Hakuelewa, na sikumweleza.

Alipojua gari letu ni la dizeli akanisifu. Ati dizeli ni ya mtu wa mbali, haipendi safari ya hapa na hapa.

Gathii sasa anapeleka vitunguu Bungoma lisikae bure. Nilimuuliza kama hizo safari zinasaidia ile hesabu. Akasema hapana, vitunguu vina hesabu yake. Ile ilikuwa ya mama. Bado iko sufuri.

Ijumaa, 8 Aprili

Nimeanguka mtihani. Barabarani nilikuwa sawa. Mlimani askari mkaguzi akaniambia nisimame, niondoke tena. Nikarudi nyuma. Kidogo tu, lakini nikarudi.

Nijaribu tena mwezi wa tano.

Barasa amepiga simu. Mama sasa anameza uji pekee, tena ule mwepesi. Na safari hii hakuja kwa dripu, alisema gari la abiria limemshinda. Nimeketi bafuni nikalia na taulo mdomoni ili Gathii asisikie.

Jumamosi, 23 Aprili

Siku ya leo sitaisahau.

Tulimpelekea mama sukari na maziwa. Mvua ikatukuta. Nyumba ya Barasa ilikuwa imefungwa, kaka yangu ameenda sokoni na mke wake, kwa hiyo Gathii akajibanza nje ya jikoni la mama, chini ya paa, kwenye kigogo. Mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, upande ule ule. Kati yao ukuta wa udongo. Mimi mlangoni, katikati.

"Mwambie mkwe wangu asante kwa sukari," mama akasema.

Nikageuka. "Anasema asante kwa sukari."

"Mwambie asijali," Gathii akasema, ingawa kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake kama walio kitanda kimoja.

"Muulize hiyo gari ni ya dizeri?"

"Mwambie ni ya dizeli."

"Muulize aliongeza pesa ngapi juu ya ile ya petlori."

Gathii akataja. Nikarudia. Nilimwona mama akikunja vidole juu ya leso, kimoja kimoja, kama zamani sokoni.

"Na muulize hiyo pesa inarudi lini."

Safari hii Gathii hakungoja nitafsiri. Alijibu mwenyewe, akiangalia mvua. "Miaka mitatu na nusu, mama. Tukija kila wiki."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko chake kabisa, sijakisikia tangu Krismasi, lakini kikaishia kwenye kikohozi na nikamshika mgongo. Alipotulia akasema hivi: "Mwambie mkwe wangu, mtu anunua jembe akiangaria shamba yenye imebaki. Mimi nimebakisha mistari kidogo tu. Arudishe hiyo gari. Achukue ya petlori, pesa yenye itabaki isomeshe Ivy."

Nilitakiwa kurudia.

Haikuhitajika. Niligeuka nikamkuta Gathii amesimama kwenye mvua, nje ya paa kabisa, koti linalowa.

Kumbe mama alijua muda wote. Na mimi nilikuwa nikificha nini, na kumficha nani?

Jumapili, 24 Aprili

Niliyaacha ya njiani, jana nilichoka.

Tulipofika mteremko wa Kamukuywa Gathii aliuliza, "Ulijua?"

"Tangu Januari."

"Ungeniambia."

"Ungenunua petroli."

Gathii hajui kudanganya, hata pale ambapo uongo ungekuwa na huruma. Akafikiri kidogo. "Ningenunua," akasema.

Basi. Leo kanisani alikaa upande wa wanaume wa kwaya na haimbi kwaya.

Jumatano, 27 Aprili

Kiplagat amepita dukani. Pacha ya petroli bado haijauzwa. Anaweza kubadilishana, arudishe sehemu ya pesa. Gathii amemwambia atafikiria.

Sijawahi kuona hesabu ikimchukua zaidi ya dakika moja. Mpaka sasa anafikiria. Ameketi nje kwenye pikapu, mlango wazi, mguu mmoja chini.

Alhamisi, 5 Mei

Hakuna mtihani leo. Mkaguzi amefiwa. Nitarudi tarehe kumi na tisa. Festus akaniambia pole madam, na wewe uko sawa sasa, hata mlima unapanda.

Kumi na tisa. Nimeomba mbele za Mungu kama ninavyoomba, halafu nikaomba kwa kupiga magoti, halafu nikaishiwa na maneno.

Jumanne, 10 Mei

Barasa amepiga simu ofisini. Mama hajameza hata maji tangu jana asubuhi. Daktari amesema aletwe mara moja, amwekee mrija wa kumlisha.

Nikamwambia Barasa amuulize mama kama sasa atapanda pikapu. Nikasubiri kwenye simu, nasikia kuku wa kwetu wakilia. Mama amekubali. Atapanda nyuma, kwenye godoro, chini ya turubai. Mkwe aendeshe, lakini asimtazame.

Gathii alifunga duka mchana. Sijawahi kumwona akifunga duka mchana. Ameweka vyuma vya turubai, ametandika nyasi kavu, juu yake godoro la Ivy, juu yake blanketi letu. Amefagia hata pale ambapo godoro linafunika.

Jioni amekuja kuniuliza jambo moja, uso umeangalia chini. Ile kioo ya kati, ya kuangalia nyuma. Inahesabika kutazama?

Jumatano, 11 Mei

Tumesimama, ndiyo maana naweza kuandika. Kalamu angalau ni kitu cha kushika.

Niandike kwa mpango. Asubuhi Bumula, Gathii alisimama nyuma ya boma akiangalia migomba mpaka mimi na Barasa tulipomlaza mama. Amekuwa mwepesi mno. Barasa akabaki, mimi nikakaa nyuma kando ya mama. Niliita, Gathii akaja kinyumenyume mpaka mlango wa dereva. Watoto wa jirani walicheka. Kile kioo alikuwa amekigeuza kinaangalia juu, na dirisha dogo la nyuma amelifunika na koti lake la kanisani.

Akawasha. Lile gari likashtuka kama kawaida yake na mama akauma leso yake. Hakulia, aliuma tu, machozi yakamtoka. Niligonga bati nikamwambia Gathii kupitia turubai kwamba ikiwaka inamuumiza.

Misikhu tulisimama kununua maji ya kumlowesha midomo. Gathii alishuka, akalipa, akasalimiana na mtu anayemjua wakaulizana habari za mahindi. Injini ilikuwa inanguruma. Hakuzima! Nilidhani amesahau. Kamukuywa tukangoja ng'ombe wavuke, kundi zima. Hakuzima.

Mama alisikia wanauza nini pale Misikhu. Akaniuliza bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi. Nilipomwambia akasema wamewaibia wateja.

Tulipokaribia mjini akanivuta mkono. "Nyumba yenu iko njia gani?"

Hajawahi kuiona. Mama mkwe haingii kwa mkwe hivi hivi, na ile sherehe ya kumwalika tumeiahirisha kila mwaka – karo, mvua, mbegu.

"Mwambie anipitishe," akasema. "Siingii. Naangaria tu."

Nikagonga bati. Gathii akakata kona kuelekea Kibomet bila swali.

Na sasa tuko hapa, nje ya lango langu mwenyewe. Gathii ameshuka. Amesema kwa sauti, bila kumwambia mtu, kwamba anaenda kuangalia mahindi nyuma ya nyumba. Nikakunja turubai, nikamwinua mama akae, akaegemea kifuani kwangu. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Pazia ni ya buluu," akasema.

"Ndiyo, mayi."

"Mimi niliweka ya kijani."

Miaka kumi na miwili amekuwa na nyumba yangu kichwani, na pazia alilonichagulia mwenyewe.

Halafu akaomba nimshushe. Nilidhani amebadili mawazo, anataka kuingia. Nikambeba. Hakuelekea langoni. Alinionyesha kwa kidevu mlango wa mbele wa gari, upande wa dirisha, kwenye ule mto. Nikamweka hapo. Umekuwa pale tangu Februari na hakuna aliyeukalia.

"Mkwe ametoka," akasema. "Kiti iko wazi."

"Mayi, sina leseni."

"Nimekuuriza reseni?"

Mahindi yetu nyuma ya nyumba ni mistari sita. Hayahitaji mtu kuyaangalia muda wote huu. Nimeinua macho sasa hivi – naona kofia yake juu ya ukuta. Amesimama tu, ametugeuzia mgongo. Ufunguo ameuacha. Injini ameiacha inanguruma, inachoma dizeli bure, ili mama asishtuliwe tena. Kile kioo bado kinaangalia juu.

Kwa daktari si mbali. Kuna mlima mmoja.

Nimekaa kwenye usukani. Mama ameweka mkoba magotini, leso ameifunga vizuri, kama mtu anayekwenda sokoni. Ananiuliza hii ni safari ya ngapi katika zile za mkwe.

"Ya kwanza, mayi."

Anasema basi niweke hiyo kalamu.